Lundo la Nne

Kwa watu wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, Mama Marlène alikuwa mama wa kokoto. Ukitaka kumwaga zege ya msingi, ulimtafuta kando ya barabara ya kwenda Shituru, mahali alipoketi juu ya gunia lililoshindiliwa majani makavu, miguu ameinyosha, nyundo mkononi, na mbele yake pete ya mpira wa tairi ya kuzuia vipande visimrukie mtu jichoni. Kwa miaka kumi na moja aliponda mawe bila kumwomba jirani hata chumvi. Kazi ilimwachia kovu juu ya nyusi na mabega mapana ambayo shemeji zake waliyacheka, wao ambao hawakuwahi kumsaidia kusomesha mtoto hata mmoja.

Alizaliwa Panda, katika nyumba za wafanyakazi wa kampani ya mgodi, enzi king'ora cha karakana kilipoamua watu waamke saa ngapi na wale saa ngapi. Baba yake alikuwa fundi wa mashine. Yeye alifika darasa la nne la sekondari, akaandika Kifaransa kilichonyooka, akaolewa na Gaston, fundi umeme, mwanamume mpole aliyependa kupiga pasi suruali zake mwenyewe. Kisha mishahara ikakauka. Gaston, kama wanaume wengi wa mji, alivua ovaroli ya kampani akaingia kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na siku moja ya Machi, mvua ikiwa imelainisha udongo, shimo likamfunika.

Hawakumtoa. Shimo lilikuwa refu mno na udongo ulikuwa bado unatembea. Wenzake walifanya kama walivyozoea: wakakusanya mawe makubwa, wakayarundika juu ya mdomo wa shimo, wakaapa kwamba pale hapachimbwi tena. Wachimbaji huvunja sheria nyingi za serikali, na wako wanaoweza kukuibia hata betri ya taa ya kichwani, lakini shimo lililomkalia mtu hawaligusi. Kwa miaka miwili Mama Marlène alikuwa na mahali pa kwenda kulia. Halafu eneo likapata mwenyewe, ikaja mashine ya njano, ikasawazisha kila kitu kuanzia barabarani hadi mtoni. Alipofika siku hiyo hakujua asimame wapi. Alizunguka na maua yake mpaka mlinzi akamwomba aondoke, akayarudisha maua nyumbani.

Ndipo alipoanza kuponda mawe. Mwenzake wa kazi alikuwa Jaël, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiopumzika, na wawili hao walipata mawe yao kwenye kilima kilicho nyuma ya Shituru, kinachoitwa Ku Saba. Jina lilitokana na malundo saba yaliyokuwa juu yake: mawe meupe, magumu, kila moja la kubebwa kwa mikono miwili, yamekusanywa tayari kana kwamba kuna mtu aliyewahurumia migongo. Nani aliyakusanya? Swali hilo halikumnyima mtu usingizi. Likasi ni mji uliozaliwa na mgodi, na mtoto wa mgodi akikuta kitu kisicho na mwenyewe husema kampani ndiyo iliyoacha. Kila mtu alijua, kwa uhakika ule wa mambo ambayo hayajawahi kuulizwa, kwamba malundo yale yalikuwa alama za watafiti wa madini wa enzi za Wabelgiji. Walipanda vilimani, wakinusa shaba waliweka mawe, wakaandika kwenye daftari, wakashuka kunywa bia.

Basi akina mama wakayala malundo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza kilima pia. La kwanza likaenda, la pili, la tatu. Msingi wa kanisa lao la Kikula ulimwagwa kwa kokoto za Ku Saba, na mchungaji akawasifu mbele ya waumini wote.

Lundo la nne Mama Marlène alilimaliza peke yake, siku ambayo Jaël alikwenda matanga. Chini kabisa palikuwa na jiwe bapa. Aliliinua kwa mtaimbo. Chini yake akakuta mifupa, mifupi, myepesi kama chaki, na katikati ya mifupa kipande cha kijani kilichopinda na kuvunjika. Mifupa iliyokuwa karibu nacho ilikuwa imeshika ukijani. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kesho yake Jaël aliporudi na kuuliza chini kulikuwa na nini, alijibiwa kwa ufupi, "Nyama ya pori." Mifupa yenyewe haikuwepo tena. Mama Marlène alikuwa ameihamishia ubavuni mwa kichuguu kikubwa, akaifunika kwa jiwe. Kile cha kijani alimpa Pitshou, mchimbaji.

Mtu wa kwingine anaweza kushangaa. Katika Likasi, kijani ndani ya udongo ni habari njema. Hata mtoto wa miaka mitano anajua kuwa kijani ni malakiti, na malakiti ni shaba. Pitshou alianza kazi ya mashimo chini ya Gaston, na sasa alikuwa PDG, ndivyo wanavyomwita mkuu wa timu ya wachimbaji, na watu kumi na wanne nyuma yake. Alikigonga kile kipande, akakilamba, akakitazama juani. Alama ya mtafiti juu, kijani chini: akaona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Alisema mvua zikiisha atapanda Ku Saba na timu yake, aanze na lundo la tano, ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

Mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado hazijachomwa, alifika Emmanuella. Alikuwa mtafiti wa makumbusho ya Lubumbashi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kofia kubwa na ramani ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliwaomba Mama Marlène na Jaël wamfyekee nyasi kuzunguka malundo, maana aliambiwa hao ndio wanaokijua kilima. Wakafyeka asubuhi nzima. Yeye akapima, akapiga picha, akarudi kwenye ramani yake, akahesabu tena kwa kidole.

"Ba mama, ku carte hii kuko saba," alisema. "Minye niko naona tatu tu. Zile ine iko wapi?"

Jaël alicheka mpaka akaegemea panga lake. "Zile ine bantu banalala juu yake mu Kikula! Ingine iko chini ya kanisa. Tuliponda, mama. Tuliponda yote."

Emmanuella hakucheka. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi zilizofyekwa, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, na Mama Marlène, ambaye aliwahi kuketi hivyo, aliutambua ule mkao.

"Haikuwa ma bornes, ile alama ya ba prospecteurs," Emmanuella akasema mwishowe. "Ni makaburi. Ya bantu ya zamani sana, mbele ya ba Belges, mbele ya bafalme benye tunajua majina. Kila lundo, muntu."

"Unajua namna gani?" Jaël aliuliza, kicheko kimemkauka.

"Ku kilima ingine tulifungua moja, pole pole, na brosse. Chini kulikuwa jibwe ya kulala. Chini ya jibwe, muntu, na bangili yake ya mukuba, ile shaba, ku mukono. Mukuba ikikaa mingi mu udongo inakuwa kijani, munajua."

Walijua. Hakuna asiyejua. Mama Marlène aliinama akaendelea kufyeka mahali palipokwisha kufyekwa.

Kabla ya kushuka, Emmanuella aliwaeleza kuwa anaandaa faili ili kilima kitambuliwe na serikali na kilindwe. Faili kama hilo hula miezi. Angerudi baada ya wiki mbili na karatasi za kwanza. Aliwaomba jambo moja tu: katika wiki hizi mbili, mtu asiguse malundo matatu yaliyobaki.

Ombi lilikuwa dogo. Mama Marlène alijua kuwa neno moja kutoka kwake lingemzuia Pitshou, na alijua pia neno hilo lingemgharimu nini. Mwaka ule ule, mtaani kwao, mjane mmoja alifukuzwa kwa sababu ya mfupa uliopatikana kwenye mkoba wake. Alisema ni wa ng'ombe. Hakuna aliyemsikiliza, walimwita mulozi, mchawi, na wanawe wenyewe hawakumfungulia mlango. Mama Marlène alikuwa ameimba katika ibada ya kumkemea. Tena aliimba kwa sauti, maana ana sauti nzuri.

Aliamua kunyamaza na kumwomba Mungu ampatie Pitshou shimo zuri mahali pengine. Ni sala ya kawaida, wengi tunaisali. Bwana, nitengenezee jambo hili bila mimi kufungua kinywa.

Siku ya tisa, asubuhi, akiwa kwenye gunia lake, aliona timu inapita na sururu, mitaimbo na mifuko mitupu. Pitshou alikuwa mbele.

"Munaenda wapi na bile bintu?"

"Tunapanda Ku Saba, Mama Marlène. Ile kijani yako njo ilitufungulia njia. Tukipata, hatutakusahabu."

Wakapita. Aliponda jiwe moja, akaponda la pili, la tatu likamteleza. Akatupa nyundo, akafunga kitenge kiunoni, akawafuata. Jaël akamfuata yeye bila kujua ni kwa nini, kwa kuwa Jaël hajawahi kuacha jambo limpite.

Alipofika juu, walikuwa wameshaondoa mawe ya safu ya kwanza. Alipita katikati yao akasimama mbele ya lundo, akihema.

"Pitshou, acha. Ni kaburi."

"Ule musichana wa musée njo alikuambia?" Pitshou alitabasamu kwa heshima, maana si mtu mbaya. "Mama, ile wimbo shiye tunaijua. Leo banasema kaburi, banasema patrimoine, urithi wa bote. Kesho banaweka barrière. Kesho kutwa kampani iko ndani na shiye tuko inje."

Mama Marlène alishaona kwa macho yake jinsi kilima kinavyofungwa, na jinsi mlinzi anavyomwomba mtu aondoke.

"Siku ya Gaston uliapa," alisema. "Shimo yenye kukalia muntu haichimbwe."

"Njo vile. Na minye sitachimba kaburi, hata siku moja. Lakini humu hamuna muntu, Mama. Muko malachite. Ni weye ulinipatia."

Timu ilingoja. Mtaimbo mmoja ulikuwa tayari kwenye pengo kati ya mawe mawili. Mama Marlène alimtazama Jaël nyuma yake, akajua kwamba neno litakalomtoka sasa litafika Kikula kabla yeye hajashuka kilima. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na kama ingekuwa yeye peke yake wa kuumbuliwa, huenda angeendelea kuficha. Lakini aliyekuwa chini ya mawe yale hakumkosea chochote.

"Ile kijani ilitoka ku mukono ya muntu," alisema. "Ilikuwa bangili. Chini ya lundo ya ine kulikuwa mifupa, na mifupa ya mukono ilikuwa nayo kijani. Minye njo niliitoa. Minye peke yangu."

"Uliniambia ni nyama ya pori," alisema Jaël.

"Nilikudanganya."

Pitshou alijikuna shingo. Bado alitaka liwe jambo jingine. Alikuwa ameshawaahidi watu kumi na wanne. "Mama, nyama nayo iko na mifupa. Unajua namna gani ile ilikuwa muntu?"

"Nilimufunga mu kikwembe yangu, Pitshou. Ile ya bleu, yenye nilivaa ku matanga ya Gaston. Nani anafungaka nyama ya pori mu kikwembe?"

Aliwaongoza hadi kwenye kichuguu, akapiga magoti, akaliondoa jiwe. Kitenge kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni lakini rangi yake ya buluu ilionekana bado, na mafundo mawili aliyoyafunga yalikuwa imara. Mmoja wa vijana alinyoosha mkono ili afungue. Pitshou akamshika kifundo cha mkono na kumrudisha nyuma. Alivua kofia yake, akasimama kidogo, kisha akaenda mwenyewe kuutoa ule mtaimbo uliokuwa kati ya mawe. Walirudisha mawe ya safu ya kwanza mahali pake, wakabeba vitu vyao. Wakati wa kushuka, mmoja wao alisema "mulozi", si kwa sauti kubwa, lakini kwa kiasi cha kusikika. Pitshou alisikia na hakumkaripia.

Alivyotabiri ndivyo ilivyokuwa. Kikula ilijua kabla ya chakula cha mchana. Jaël alihamishia gunia lake ng'ambo ya barabara, akawa anaponda akiwa amempa mgongo. Wateja waliuliza kokoto imetoka wapi, na wengine hawakungoja jibu. Mchungaji alimwita, akamuuliza kwa upole kama kuna mawe ya kaburi chini ya kanisa. Mama Marlène alimwambia kwamba yapo, mengi, hasa upande wa kwaya. Mchungaji aliuombea msingi kwa saa nzima, akaona ni ghali kuubomoa, kisha akamwondoa Mama Marlène katika kwaya kwa muda usiojulikana. Mama Marlène alikasirika sana. Alisema nyumbani, akiosha sufuria kwa kelele, kwamba wote walisimama juu ya mawe yale wakiimba na hakuna aliyeuliza. Hasira hiyo alikuwa na haki nayo nusu. Nusu nyingine alijua ni ya mjane aliyefukuzwa, na Jumapili ile, badala ya ibada, alikwenda kumtafuta kwa ndugu yake alikohamia. Mjane alimkaribisha, akampa kiti, na hakumwambia kuwa amemsamehe.

Emmanuella alirudi siku aliyosema. Pitshou na wawili wa timu yake walipanda naye, bado wana shaka, wakamuuliza wazi kama faili lile litaleta kizuizi na askari. Alijibu kwamba hawezi kuahidi kampani zitafanya nini. Aliloweza kuahidi ni kuwa karatasi zitasema nini kipo hapa, na kwamba kilichoandikwa ni kigumu zaidi kusawazishwa kimya kimya. Pitshou aliona hilo ni kidogo. Hata hivyo alishika upande mmoja wa kamba ya kupimia.

Mifupa ile waliipiga picha, wakaiweka ndani ya sanduku pamoja na kitenge chake, na Emmanuella akasaini karatasi kuwa baada ya uchunguzi itarudi kilimani. Mama Marlène aliisoma karatasi hiyo mara mbili, mstari kwa mstari, kisha akaikunja akaitia kifuani. Alikuwa pia amekusanya mawe makubwa matano kutoka mtoni ili ayapange upya pale palipokuwa na lundo la nne. Emmanuella akamzuia.

"Hapana, Mama. Ukirudisha, benye batakuya nyuma yetu batawaza ni ya zamani. Tutabadanganya. Tuache vile iko."

"Bule tu? Bila kintu?"

"Bila kintu."

Hilo lilimuuma kuliko kwaya. Alisimama juu ya duara la udongo mtupu, mikono imening'inia, akajisikia kama mtu aliyefika kulipa akakuta mlango umefungwa.

Kila lundo lilikuwa na karatasi yake. Yale matatu yaliyobaki yalijazwa upesi: urefu, upana, hali. Kisha Emmanuella akatoa karatasi ya la nne, akaandika kwenye mstari wa hali kwamba limeharibiwa. Mstari uliofuata uliuliza sababu. Kalamu ikasimama.

"Nitaandika haijulikane," alisema bila kuinua macho. "Bengi banafanya vile."

"Lakini inajulikana."

"Mama, hii karatasi inaenda mu archives. Itabakia hata miaka mia. Batoto ya batoto yako batasoma."

"Basome." Mama Marlène alisogea karibu akaweka kidole kwenye mstari mtupu. "Yeye wa chini ya lundo, jina yake ilipotea. Yangu iko. Andika Ngoie Marlène, muponda majibwe, wa Kikula."

Emmanuella akaandika. Mama Marlène hakuondoka mpaka akaona neno la mwisho limekamilika, kisha akauliza karatasi ya lundo la tatu iko wapi. Wakahamia pale, hatua thelathini hivi, kwenye duara jingine tupu ambalo nyasi zilikuwa zimeshaanza kulifunika. Emmanuella aliandika hali, akafika kwenye sababu, akaanza kuandika jina lile lile.

Jaël alikuwa amepanda kilima nyuma yao asubuhi ile bila kualikwa, akakaa mbali peke yake kutwa nzima bila kusema neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Kikula. Sasa aliinuka, akakung'uta majani kwenye kitenge, akaja akasimama kando ya Mama Marlène.

"Ngoja, mama," alimwambia Emmanuella. "Hapa tulikuwa babili."